Uzi Mwekundu Shingoni mwa Jiko

Jiko lililoniunguza lilikuwa na uzi mwekundu shingoni, na mimi nilifurahi kuuona. Wahindi niliowajua Kampala walifungwa uzi kama ule mkononi baada ya sala zao, kwa hiyo nilidhani mwenye duka wa zamani aliiombea biashara yake baraka kabla ya kufukuzwa nchini. Sikuukata. Mimi Mkristo wa kutoka Kenya, baraka ya mwenzangu ingenidhuru nini?

Duka nilikolinunua sasa lilikuwa la sajini mmoja. Alipewa na serikali pamoja na kila kilichokuwamo, kuanzia kaunta hadi misumari, naye alikuwa anauza tu, chochote mkono wake ulichoshika. Bei ya mkaa ilikuwa haishikiki, na moshi ulikuwa umenichosha katika chumba chetu cha Kawempe. Nililibeba lile jiko la mafuta ya taa, la kupiga pampu, nikiringa njia nzima.

Lilipasuka nikipika uji. Tangi lilifumuka kwenye kiungo chake, mafuta yanayowaka yakanirukia usoni na mikononi. Mtoto wetu alikuwa nje na jirani, namshukuru Mungu kwa hilo. Sitaeleza zaidi; aliyewahi kuungua anajua, na ambaye hajaungua asijifanye anajua.

Mume wangu alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima mjini. Watu walioumia walimletea shida zao, naye alizipokea kwa heshima, hata za walevi. Aliketi kando ya kitanda changu hospitalini, akinifukuzia nzi kwa gazeti, akaniuliza jiko lilikuwaje. Nilipotaja uzi, gazeti lilisimama. Enzi za Mhindi aliwahi kulikagua duka lile kwa kazi yake, akaona majiko yametengwa nyuma, yote yamefungwa uzi mwekundu. Mhindi alimweleza kwamba hayo ni mabovu, viungo vyake vinavuja, yanangoja kurudishwa kiwandani, na uzi ni wa kuwazuia wafanyakazi wasije wakayauza.

"Mama watoto," akasema, "huyu mtu anawajibika. Ajue asijue, kauza kitu kibovu kikakuumiza. Sheria iko wazi."

Bima ya duka ilikuwa imekufa, kwani sajini hakuona sababu ya kulipia karatasi. Mume wangu akasema basi sajini atalipa fidia mwenyewe. Wakili aliyemwendea mtaa wa Wandegeya alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba haki ni yetu, kisha akamwomba asirudi tena ofisini kwake. Mtu mwingine angeelewa. Wangu akaenda dukani, akamweleza sajini mambo ya uzi mbele ya wateja, akamtaka aondoe majiko yaliyobaki. Jamani, kuolewa na mtu mkweli ni balaa! Nilimpenda kwa hilo, na nilitamani kumzaba kofi, ila mikono yangu ilikuwa kwenye bendeji.

Sajini alikuja nyumbani alasiri moja, mimi nimeshatoka hospitali. Askari wake wawili walibaki kwenye gari, mlango wa nyuma wa mizigo ukiwa wazi. Kampala nzima ilijua magari yale hubeba mizigo gani: watu wasiorudi. Kwapani sajini alikuwa na jiko jipya.

"Wewe bwana ndio nasema duka yangu nachoma watu?" akamuuliza mume wangu. "Serikali ndio napatia mimi hii duka. Sasa wewe Mukenya nataka kuharibu jina ya serikali?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimjua: angeanza na sheria. Nikamtangulia.

"Afande, kosa ni langu. Nilijaza mafuta moto ukiwaka. Jiko lilikuwa zima."

Sajini alinitazama usoni, akatabasamu kwa upole kabisa. "Pole, mama. Mimi si mutu mubaya. Naletea wewe ingine, ya bure. Washa sasa, tukunywe chai."

Akaliweka mezani. Uzi ulikuwa shingoni.

Nilinyoosha mikono yangu yenye bendeji. Mume wangu akanisukuma pembeni, akaniambia nimpeleke mtoto kwa jirani. Sajini akasema hakuna mtu kutoka, ila yeye mwenyewe akarudi nyuma mpaka mlangoni. Hapo nikajua kwamba anajua. Nikamkumbatia mtoto nyuma ya kabati, nikasikia pampu ikipigwa polepole, kisha kiberiti.

Halikupasuka. Liliwaka moto wa buluu safi, likanguruma, chai ikachemka. Lilipozimwa sajini akaja kuketi, akanywa vikombe viwili, akasifu majani, akampakata mtoto, akamuuliza mume wangu kama bado ana shida na duka lake.

"Hapana, afande. Asante, afande."

Mume wangu nilimwona akisema uongo mara chache tu, na kila mara vibaya, akiangalia sakafu. Siku ile alimtazama yule mtu machoni, machozi yakimlengalenga, na sauti ilikuwa yake ya kweli. Alishukuru kwa moyo wote kwamba tuko hai. Uso wangu nimeuzoea. Ile shukrani sijamsamehe sajini mpaka leo.