Herufi Zisizo na Rangi Ndani

Herufi zile nilizichora mimi, kwa bikari na rula, katika karakana ya mabango niliyoendesha na rafiki yangu hapa Kamembe. Tulikulia Bukavu, tukarudi Rwanda pamoja, na kwa kuwa nilimzidi umri kidogo aliniita yaya, kama dada yake mkubwa.

Zilikuwa nyembamba mno. Kila herufi ilikuwa mstari mwembamba uliozunguka umbo lake, katikati wazi kama fremu ya dirisha isiyotiwa kioo. O ilikuwa duara kamili, A pembetatu, na mguu wa R niliushusha wima kwa sababu sipendi unapotanuka. Hazikufaa maandishi madogo; ukizipunguza, zinapotea. Lakini ziweke kubwa juu ya duka la nguo, au kwenye kadi, na jina lenyewe linapata nafasi ya kupumua.

Rafiki yangu alizicheka. “Yaya, hizi ni mifupa. Batu batasoma nini?”

Alipochumbiwa akabadilika, akaomba kadi zake za harusi ziandikwe kwa mifupa hiyo hiyo. Nilikaa kwenye kompyuta nikiziingiza moja moja, hata zile ambazo kadi haikuzihitaji, mpaka zikawa fonti kamili. Nilimpa kwenye flashi, zawadi yangu ya harusi. Alinikumbatia akilia.

Akahamia Bukavu, upande wa Kongo, kwa mumewe. Simu zikapungua; nikajiambia ndoa changa ina mambo mengi. Kisha akanialika: ameshinda shindano la wabunifu na anafanyiwa sherehe. Nilivuka mpaka kwenye daraja la Rusizi II nimevaa kitenge kipya, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Sikuuliza ameshinda kwa kazi gani.

Ukuta mzima wa ukumbi ulikuwa herufi zangu. Mguu wa R, wima. Chini yake jina lake, na fonti yenyewe alikuwa ameipa jina la mtoto wake mchanga.

Hakushtuka aliponiona. Alinishika mkono mbele ya wageni. “Huyu ni yaya yangu. Ni yeye alinisaidia kutia rangi.”

Wakanipigia makofi. Hakuna aliyegeuka kutazama ukuta na kuona kwamba ndani ya herufi zile hakuna rangi hata tone.

Nilimvuta hadi koridoni. “Mbona umenifanyia hivi?”

“Yaya, si ulinipatia? Kitu bamekupatia ni yako.”

“Nilikupa uandikie kadi.”

“Ulikuwa unazifungia tu mu kabati. Bila mimi, nani angezijua?”

Alijibu haraka, bila kutafuta neno. Nikaelewa kwamba alikuwa ameliandaa jibu hilo kabla ya kunialika, na hilo liliniuma kuliko ukuta. Kisha wageni wakaja na mtoto wake, wakaniwekea mikononi, wakatupanga tupigwe picha. Nilimshika vizuri. Mtoto hakuwa na kosa.

Tangu siku hiyo sijampigia simu, wala yeye hajanipigia. Karakana naiendesha peke yangu. Majuzi alikuja mwenye saluni kutoka Nyakabuye, akanionyesha picha kwenye simu.

“Maman, nataka hizi herufi za yule mwanamke wa Bukavu. Utaziweza?”

Nilikwenda kumwandikia juu ya mlango wake, kwa uangalifu wote nilio nao. Aliponiuliza kama namfahamu huyo mwanamke, nilimwambia anishikie ngazi.