Nilichomoa tiketi za washindi kwenye droo Omurushaka, na kuna moja ilikuwa ya baridi

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekuta humu nyuzi mbili zinabishana kama droo za bahati nasibu ni za haki au zinachezewa, na kila mtu anaongea kama alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Mkono ulioingia kwenye pipa ulikuwa wangu. Nitasema nilichokishika, na pale nisipojua nitasema sijui.

Kwanza mjue kitu kimoja. Mimi sioni. Naongea, simu inaandika, halafu inanisomea kabla sijapost. Mkikuta neno limekaa vibaya, mlaumuni simu.

Naitwa Evarist. Nimezaliwa Isingiro, wilaya ya Kyerwa, wazazi wangu walitokea Burundi na walikuwa wanalima kama vibarua. Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka minne. Nilipokuwa mkubwa nikaja Omurushaka, upande wa Karagwe, nikapata kazi kwa mnunuzi wa mazao anaitwa Mzee Kalisto, Mhaya wa Muleba.

Kazi yangu ni kupima unyevu wa maharage na kahawa kwa mkono. Mkulima anafungua gunia, mimi naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nageuza, nashika ya chini, nang'ata moja. Nasema imekauka, au bado siku mbili za jua. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Nawaambia haya sio kujisifu. Ni ili mjue nikisema kitu kilikuwa baridi na hakikuwa kimelowa, najua tofauti yake.

Sasa twende.

Ilikuja kampuni moja ya bahati nasibu, yenye kibali cha serikali, sitaitaja. Wiki kadhaa waliuza tiketi huku kwetu, Karagwe na Kyerwa yote. Zawadi zilikuwa tatu: bati za nyumba nzima, pikipiki, na ya mwisho kirikuu jipya, kile kigari kidogo cha mizigo. Walilipitisha barabarani limefungwa maputo. Mtu wa kijijini akiona kirikuu anaona ndizi zake zinafika sokoni bila kumbembeleza mtu. Waliuza sana.

Siku ya droo ilikuwa siku ya gulio, saa saba mchana, jua kali. Lori limeegeshwa uwanjani, spika juu, MC anachekesha watu. Afisa wa serikali alikuwepo kushuhudia, walimtangaza.

MC akasema anahitaji mwananchi wa kuchomoa tiketi, mtu ambaye hakuna atakayemtilia shaka.

Sauti ya mwanaume ikasema kutoka mbele, "Mchukueni yule anayepima maharage. Haoni."

Watu wakaitikia, wakapiga makofi. Mimi nikashangaa kidogo, kwa sababu sauti za watu wa Omurushaka nazijua karibu zote, hata za madereva wa mabasi ya Bukoba. Ile sikuijua. Na huyo mtu alijua kazi yangu.

Wakanipandisha. Pamoja na kwamba sioni, wakanifunga kitambaa usoni. Uwanja mzima ukacheka. MC akasema utaratibu ni utaratibu.

Pipa lilikuwa la plastiki, la mdomo mpana, linanukia mafuta ya kula. Ndani kulikuwa na vishina vya tiketi, vile vipande vyenye jina la mnunuzi, kila mtu amekikunja chake mwenyewe. Nikaingiza mkono, vilikuwa vya moto kwa jua, vikavu, vyepesi kama maganda ya kahawa. Nikachomoa kimoja. Bati zikaenda Nyaishozi.

Nikachomoa cha pili. Pikipiki ikaenda kwa kijana wa Kayanga. Watu wakashangilia, mambo yakaenda vizuri tu.

Kabla ya zawadi ya tatu MC akasema tupumzike kidogo tusikilize muziki. Nikabaki nimesimama pembeni ya pipa, kitambaa usoni. Nikasikia mfuniko wa deli unafunguliwa, lile boksi la kuwekea soda na barafu, ule mlio wake unaokereketa meno. Nikajua wanawapa wageni soda. Halafu mtu akapita karibu yangu, viatu vyake havikugonga sana bodi la lori, na pipa likatikisika kidogo, kama limeguswa.

Muziki ukazimwa. MC akasema, "Sasa ndiyo lenyewe."

Nikaingiza mkono.

Wakuu, kitu cha kwanza nilichokishika kilikuwa cha baridi.

Sisemi kilikuwa na ubaridi kidogo. Kilikuwa baridi kama jiwe la chini kisimani, katikati ya makaratasi ya moto. Kikavu kabisa. Kimekunjwa mara nne, kwa ukali, kona zake zimesimama. Vile vingine vilikuwa vimekunjwa hovyo.

Nikakiachia, nikavuruga kama ninavyovuruga maharage, nikazamisha mkono mpaka chini.

Kikanirudia mkononi.

Nikakiachia tena, nikavuruga kwa nguvu zaidi. Uwanja ulikuwa kimya. Nikapeleka vidole upande mwingine kabisa wa pipa, na kile cha baridi kikawa kimelala hapo hapo, chini ya kidole cha kati.

Hapo ndipo MC akaninong'oneza, maiki ameiweka mbali, "Umeshapata mkuu. Toa tu."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko. Alijuaje nimepata?

Sikufikiria sana, nisiwadanganye. Sikuwa shujaa. Niliogopa tu kile kitu, kama mtu anavyoogopa kushika mnyama asiyemjua gizani. Nikakisukuma mpaka chini kabisa, nikakikandamiza kwa kiganja, nikateleza pembeni, nikachukua karatasi ya moto, nikaitoa.

MC aliichukua. Akaisoma kwa sauti ndogo, akamuuliza mtu nyuma yake kitu sikukisikia. Ndipo yule afisa akasema, "Soma."

Akasoma. "Paskazia. Igurwa."

Uwanja ukalipuka. Mama Paskazia tunamjua wote, mjane, analima maharage huko Igurwa na kila msimu anatuuzia sisi. Alikuwepo sokoni siku hiyo amekuja kununua chumvi. Walimbeba mpaka kwenye gari analia.

Wakati watu wote wamegeukia huko, mkono ukanishika kunisaidia kushuka lori. Mkono wa mwanaume, laini, na baridi. Tulipofika chini hakuniachia. Akaniuliza taratibu, bila hasira, kwa sauti ile ile iliyosema nichukuliwe mimi:

"Ile ya baridi uliiacha kwa nini?"

Nikavuta mkono, haukutoka.

Akashika vidole vyangu kimoja kimoja, kama anahesabu. Akasema, "Vidole vizuri hivi." Halafu sikumsikia tena.

Mzee Kalisto akanifikia baada ya muda mfupi. Nikamuuliza, "Mzee, nani kanishusha?"

Akasema, "Kakushusha nani? Umeshuka mwenyewe, umeshika ngazi. Nilikuwa nakuangalia."

Nikamwambia kulikuwa na mtu. Akasema labda, kuna muda alimtazama Paskazia. Lakini alisema ile labda kama mtu anayemridhisha mgonjwa.

Mkidhani mambo yaliishia hapo, hapana. Maneno yakaanza. Watu wakasema kipofu kamchagua mteja wa bosi wake. Wengine wakasema mkono wangu una kitu. Mkulima mmoja wa Igurwa alileta kahawa, nikanyoosha mkono, akafunga gunia. Akamwambia Mzee Kalisto mbele yangu, "Huyu asishike yangu."

Wakawa wawili, wakawa wengi. Mzee akanunua mashine ya kupima unyevu, mimi akaniweka kushona magunia. Hakunifukuza, nashukuru. Ila miaka kumi na moja ya vidole vyangu ikaisha hivyo, kwa sababu ya kitu ambacho nilikikataa.

Kisha Mama Paskazia akaja. Ilikuwa asubuhi, niko peke yangu na sindano ya magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Evarist mwanangu. Nimeleta maharage, lakini sikuja kwa ajili ya maharage." Akakaa kwenye gunia. "Watu wanasema ulinichagua. Ulinichagua?"

"Hapana mama. Sikujua kama ni yako."

"Basi mbona unanikwepa? Jumapili nilikusalimia kanisani ukapita."

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa yote mpaka mwisho, hata mke wangu nilikuwa nimempunguzia. Nilisikia anachezea maharage kwenye kiganja.

Akasema, "Kwa hiyo lile gari lilikuwa la mtu mwingine."

"Sijui mama."

"Na huyo mtu jina langu analijua. Lilisomwa kwenye spika, na kijiji changu kikasomwa."

Akanyanyuka, akanishika bega, akasema, "Hukukosea. Lakini ungeniambia siku ile ile nisingelichukua."

Kirikuu analiendesha mpwa wake, linabeba ndizi. Yeye hajawahi kulipanda hata mara moja. Akienda kliniki Kayanga anapanda bodaboda, gari lake likiwa linaelekea huko huko.

Nilikwenda kuripoti, msiniulize ofisi gani. Mzee Kalisto alinisindikiza. Afisa niliyemkuta huko alinisikiliza vizuri, hakunicheka. Akauliza, "Ushahidi uko wapi?" Nikasema uko kwenye vidole. Akasema vishina vilichomwa moto siku ile ile, ndiyo utaratibu. Yakaishia hapo.

Miezi kadhaa baadaye, mchana, tuko dukani, redio imewashwa. Kulikuwa na mahojiano na mshindi wa gari kwenye droo ya kampuni ile ile, mkoa mwingine, mbali sana na huku. Mtangazaji akamuuliza anajisikiaje.

Akacheka taratibu. Akasema anamshukuru Mungu, na anamshukuru aliyemchomolea. "Alikuwa na vidole vizuri."

Sindano iliniingia kwenye kidole gumba nisiisikie. Nikamwambia Mzee Kalisto, ni yeye. Mzee akaongeza sauti, lakini walishaweka tangazo. Akasema sauti zinafanana, Evarist.

Kwake zinafanana. Kwangu sauti ndiyo sura. Ninyi mkikutana na mtu aliyewashika vidole na kuvihesabu, mtamsahau sura?

Sasa hapa ndipo wengi mtaandika, "Basi jibu ni hilo, zinachezewa." Na mimi niliamini hivyo muda mrefu, mpaka siku moja Mzee Kalisto aliniuliza swali. Hakuwa ananibishia, alikuwa anafikiria tu.

"Na kama kile kishina kilikuwa kwenye nailoni, kimesahaulika pembeni ya lile deli? Vijana wa kampuni walikuwa wanahangaika na soda na vishina pamoja. Wakaona kimebaki, wakakitupia kwenye pipa wakati wa muziki. Kingekuwa baridi na kikavu."

Nikasema, "Na MC alijuaje nimepata?"

"Aliona mkono wako umesimama. Hata mimi niliuona ukisimama. Mara tatu."

Nikamuuliza kuhusu yule mtu aliyenishusha. Hilo hana jibu, na mimi sina.

Lakini lile la kwanza limenikaa kifuani kuliko sauti ya redioni. Kwa sababu kama Mzee yuko sahihi, basi kile kishina kilikuwa cha mtu wa kawaida. Mkulima wa Isingiro, kibarua, mama mwenye watoto, amenunua tiketi moja kama Paskazia. Bahati yake ilinijia mkononi mara tatu, na mimi nikaisukuma chini na kuikandamiza kwa kiganja. Hapo droo ile itakuwa ilichezewa kweli, na aliyeichezea ni mimi.

Mashine ya Mzee iliharibika msimu uliopita, akanirudisha kwenye magunia. Wakulima wamezoea tena. Wanakuja, tunasalimiana kwa mkono, na kila mkono ninaoushika najiuliza kama tiketi ilikuwa ya huyu.

Nilichojifunza ni kidogo, na hakitawaridhisha mnaotaka ndiyo au hapana. Macho elfu yalitazama lile pipa mchana kweupe, afisa akiwepo, na bado hakuna anayejua kilichotokea ndani, hata mimi niliyekuwa na mkono humo. Ukikata tiketi, kata ukijua hivyo.

Tiketi mimi sinunui tena. Kampuni ilirudi Karagwe mwaka huu, wakamtumia binti wa shule kuchomoa. Nilikaa ndani siku hiyo, nikaziba masikio kwa viganja mpaka spika zilipozimwa.

Kama yupo humu aliyewahi kuingiza mkono kwenye pipa la aina hiyo, naomba aniambie alishika nini. Na kama ulinunua tiketi ile mwaka ule, ukakikunja kishina chake mara nne, kona zikasimama, usiniandikie hapa mbele ya watu. Nitumie ujumbe pembeni. Nitausikiliza peke yangu.