Alama ya Kizingitini kwa Mama Jaya

Nilipokuwa mtoto pale Kanyenye, baba yangu alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, vitani Bama, mbali ng'ambo ya bahari, na bibi alimlinda kwa unga. Kila mwezi ulipoandama alikoroga unga wa mtama kwa maji, akapaka mwimo wa mlango wetu huku akitaja majina ya mababu. Alitukanya tusiuguse. Anayefuta heri ya mlango wa mwenzake, alisema, hufuta na ya kwao. Misa hatukukosa hata Jumapili moja, lakini unga ule hata mama hakuthubutu kuufuta.

Jirani yetu Mama Jaya, mke wa Mhindi mwenye duka, naye alikuwa na yake. Kila Divali, sikukuu yao ya taa, alichora kizingitini, kwa unga mwekundu, msalaba wenye ncha zilizokunjwa, kisha akatugawia watoto vitamutamu vya maziwa. Tulikula, hatukuuliza kitu.

Mwaka ule ikabandikwa sokoni picha ya bendera ya adui, na katikati yake alama ile ile. Mtaa ukaanza kunong'ona kwamba Mama Jaya ni mtu wa Mjerumani, na watu wakahamia duka jingine. Mimi sikunong'ona. Mchana, duka lilipofungwa, nilichukua kata ya maji na gunzi, nikasugua kizingiti kikatakata. Nilijiona nimemwokoa baba, nikakimbia nyumbani kudai sifa.

Bibi aliweka ungo chini.

"Umefuta ya nani?"

"Ya Mjerumani, bibi."

"Mjerumani nilimwona kwa macho yangu akitawala hapa. Hakuwahi kuchora mlango wa mtu. Mama Jaya anachora tangu hujazaliwa. Sasa nani kamwibia mwenzake?" Akachukua bakuli lake la unga. "Na baba yako yuko Bama, Nyamizi."

Nililia njia nzima bibi akinivuta mkono, bakuli la unga wake likiwa mkono wa pili.

"Shikamoo, bibi," alisema Mama Jaya.

"Marahaba. Mjukuu wangu amekukosea. Sema mwenyewe, wewe."

Nikasema. Mama Jaya alikitazama kizingiti kwa muda.

"Hii si ya vita, mwanangu. Mama yangu alichora, na bibi yangu pia. Ni ili heri iingie."

"Basi chora tena," bibi akamwambia, akimpa bakuli. "Tumia na unga wangu."

Aliupokea kwa mikono miwili. Lakini alichora ndani, nyuma ya meza ya duka, mahali ambapo mteja haoni. "Hapa panatosha," alisema.

Baba alirudi, amekonda na sikio moja halisikii. Bibi alishikilia mpaka kufa kwake kwamba alama ya Mama Jaya ilimwombea pia, nami sijawahi kumbishia.

Adui alishindwa, picha ikabanduliwa sokoni. Hata hivyo kila Divali nilipita nikitazama kizingiti kile, na kila mara nilikikuta kitupu. Mjerumani aliiba alama ya watu, ndiyo. Lakini aliyeifuta mlangoni kwao ni mimi, niliyekula vitamutamu vyao.