Mti wa Mpakani

Msichana wangu wa gredi ya tano alirudi na kazi ya shule: alinganishe ndege anayeimba na mnyama aliye hatarini kutoweka. Akachagua chiriku na mbega, kwa sababu wote wamewahi kuishi kwetu, hapa juu ya Njoro. Nilifurahi. Mimi naongea sana, hata mke wangu huniita chiriku, na hapo nikapata nafasi.

Nikamweleza kwamba chiriku hana maringo. Ukikata mti anahamia kwenye mabati, anaokota chakula cha kuku, na asubuhi anaimba tu. Mbega hawezi hayo. Anakula majani, anapita juu kwa juu kutoka mti hadi mti, na kushuka chini kwake ni hatari. Aliandika haraka, ulimi nje.

"Na wale wa kwetu walienda wapi, baba?"

Sasa hapo. Mpakani tulikuwa na mti mmoja mkubwa wa podo, na mbega waliupitia huo huo wakitoka msituni kwenda kwenye miti ya jirani. Kivuli chake kilinyima viazi vyangu jua, nikauangusha. Wiki hiyo hiyo mbega jike akashuka kuvuka shamba na mtoto kifuani, mweupe pepepe vile huwa wakizaliwa. Mbwa wangu wakamfikia katikati ya viazi. Niliwazika wote wawili kabla msichana hajatoka shule, na sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

"Walihama wenyewe," nikamjibu. "Walipenda kule ndani zaidi."

Siku ya wazazi mwalimu alimwita mbele asome. Akasoma ya chiriku, akasoma ya mbega, akamalizia: "Mbega wa kwetu walihama wenyewe. Nimeambiwa na baba yangu, ambaye anawajua vizuri." Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaniomba nisimame niongeze neno, na mke wangu akaanza kucheka, akijua leo hatutoki hapo. Nikasema asante, nikaketi.

Tukirudi nyumbani msichana alinishika mkono.

"Baba, mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Vile unawajua."

Tulikuwa tumefika shambani, na viazi vilikuwa vimetoa maua. Nikamwambia atangulie na mama yake.