Karani Tuliyemukalisha Sokoni

Uhuru ulipofika, kitu cha kwanza serikali mupya ilituomba sisi wamama wa soko kilikuwa pesa. Wazungu walikuwa wameondoka, biro ya komini, ofisi ya serikali ya muji, ilikuwa na wakubwa wapya wenye koti, na mukubwa wao akatuita uwanjani. Akasema kila mwenye meza sokoni ataongeza franga moja juu ya takse ya kila juma, ili mufereji uchimbwe na kujengwa kwa mawe na simenti.

Mufereji tuliutaka. Mvua ikinyesha milimani juu ya Uvira, maji yalishuka na matope, yakapita kati ya safu yetu ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, na safu ya bunga la muhogo, yakaenda ziwani na mali ya watu. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa mama mukubwa wa likirimba yetu, ile ambayo kila juma kila mama anatoa, mumoja anabeba yote, na juma linalofuata anabeba mwingine. Pesa ya likirimba inahesabiwa kwa sauti, macho yote yakiona. Nikasimama.

"Tutatoa. Lakini kila mwisho wa mwezi mutume muntu atusomee hapa hapa, nini imeingia na nini imenunuliwa. Tusiposomewa, hatutoi."

Wenye koti wakacheka. "Mama huyu anafikiri komini ni kikapu cha ndagala!"

"Kikapu, baba, ukiingiza mukono unajua kama iko tupu."

Wakakubali. Nadhani tuliwachosha.

Walimutuma karani wao, kijana mwembamba, aliyeoa, mwenye bibi na watoto wawili, shati nyeupe kila siku. Alikaa juu ya sanduku la sabuni, akafungua kitabu kikubwa, akasoma: simenti, mifuko kumi na miwili, mawe, gari kubwa za kamio tatu.

"Soma tena hapo pa mawe!" mama mumoja akamukatiza. "Tatu? Minye niliona kamio mbili!"

Hakukasirika. Alituongoza nyuma ya biro, akatuonyesha mafungu ya mawe, kila kamio fungu lake, shati ikajaa vumbi. Yalikuwa matatu. Tangu siku ile tulimupenda, ila hatukumwambia.

Alitusomea miezi saba. Mwezi wa nane hakuja. Wa tisa alipita ng'ambo ya soko, kichwa chini. Mufereji haukuwa umeanzwa, simenti nyuma ya biro haikuwepo tena, na lupango ya mukubwa wa komini, kiwanja cha nyumba yake, ilikuwa imezungukwa na ukuta mupya. Kila muntu aliuona ukuta ule. Wamama wakanigeukia: "Yaya, dada yetu mukubwa, ni weye ulituambia tutoe." Ilikuwa kweli. Nilipaswa kwenda biro kuuliza. Sikwenda, niliogopa, na ninaliandika hapa bila kulipaka sukari.

Kisha waasi waliokuwa wakipigana na serikali wakaingia muji. Mukubwa wa komini alikuwa amekwisha kuvuka ziwa na jamaa yake yote. Siku ya kwanza waasi walitoa vitabu vya biro wakavichoma mbele ya mulango, wakisema ni vitabu vya kunyonya raia. Siku ya tatu walitukusanya uwanjani kuhukumu waliokula pesa ya raia. Wawili walihukumiwa mbele yetu asubuhi ile. Waliyofanyiwa sitayaandika. Wa tatu alikuwa karani, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya wavu. Hakuwa amekimbia, kwa maana alijiona hana kosa.

Mukubwa wa waasi akaninyoshea kidole. "Mama wa soko, sema. Huyu alikula pesa yenu?"

Nikisema ndiyo, anakufa pale pale. Nikisema hapana, wataniuliza ni nani basi, na kwa nini ninaficha watu wa serikali. Ukuta niliuona, lakini kama karani naye alishiriki, sikujua.

"Kitabu iko wapi?" nikauliza.

Kijana mumoja wao akacheka. Majivu yalikuwa bado pale mulangoni.

"Basi siwezi kusema alikula," nikasema. "Najua aliacha kutusomea. Yeye iko na deni yetu ya mufereji. Na kwetu mwenye deni hauawi, anakalishwa."

"Anakalishwa namna gani?"

Nikamueleza. Mama aliyebeba likirimba halafu akashindwa kutoa, hatumupigi, hatumufukuzi. Anakuja kila siku kukaa karibu na mama mukubwa, anawafanyia wenzake kazi mpaka deni liishe. "Mutupe huyu. Achimbe mufereji mbele ya macho yetu. Maiti haishiki jembe."

Mukubwa wa waasi akaamuru kamba ifunguliwe. "Chukueni karani wenu. Akitoroka, mama, weye utakaa mahali pake."

Basi akachimba. Kila asubuhi alikuwa pale kabla ndagala haijafika. Mwanzoni wamama walimutania: "Karani, tusomee! Leo imeingia majembe ngapi?" Baada ya juma moja walimuletea bugali na mboga, wakimugombeza kwamba anakula kidogo.

Siku moja tukiwa wawili aliniambia mambo ya simenti. Mukubwa aliamuru ipakiwe, naye aliandika kitabuni bila kuficha: mifuko yote imekwenda lupango ya mukubwa. "Niliandika, mama. Kusoma musitari ule mbele yenu ndiyo ilinishinda."

"Ungesoma."

"Ningefukuzwa kazi siku ile ile."

"Na leo kazi iko wapi?"

Akarudi kuchimba. Nilimusema kwa ukali kwa sababu na mimi nilikuwa nimeuona ukuta nikanyamaza.

Ndipo bibi yake alinijia nyumbani, mutoto mugongoni. Alisema ndugu yake alikuwa na mutumbwi, alfajiri ya kesho wangevuka wote kwenda Burundi. "Mama, umuachilie. Sema tu hukumuona."

Nilikataa. Nilimukumbusha maneno ya mukubwa wa waasi, kwamba nitakaa mahali pake, na hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Lakini haikuwa peke yake. Mvua ilikuwa karibu na mufereji ulikuwa karibu kuisha, na mimi nilikuwa na mupango wangu: juma mbili tu, amalize, wamama waone kwamba franga zao zilizaa kitu, halafu nitamuombea ruhusa kwa waasi. Nikamwambia hivyo. Akaniangalia, akafunga kitenge chake, akatoka bila kuaga.

Juma mbili hazikutimia. Jeshi la serikali likaanza kukaribia kwa upande wa Mutarule, waasi wakajipanga kukimbilia milimani, na walihitaji wanaume wa kubeba mizigo. Wengine wote walijificha. Mumoja tu alijulikana anapatikana wapi kila asubuhi. Walimutoa ndani ya mufereji, wakamutwika sanduku la risasi kichwani. Alipopita mbele ya meza yangu akasema, kwa sauti ile ya kusoma kitabu: "Imebaki kuchimba mikono kumi na moja, mama. Nilipima."

Walishika njia ya Rurambo. Walioshuka baadaye, mumoja alisema aligonjwa huko juu, mwingine alisema alimuona amevuka mupaka. Nyumbani hakurudi.

Amani ilipotulia, bibi yake alipata meza ya nyanya, meza nne kutoka yangu, akaingia likirimba. Juma moja nilitaka abebe yeye, ingawa zamu haikuwa yake. Alizirudisha pesa mezani kwangu.

"Siku ya uwanjani ulimuokoa, mama, nilikushukuru. Lakini minye nilikuja kwako na mutumbwi."

Nilikuwa na jibu, lile la waasi na ahadi yao. Sikulitoa.

Juma lililofuata, kabla ya kuhesabu, niliwaambia wamama wote yale niliyowaficha: kwamba mutumbwi ulikuwepo, kwamba nilikataa, na kwa sababu gani, zote mbili. Nikawauliza kama bado wananitaka nihesabu pesa yao. Wengine waliangalia chini. Mumoja alianza kulia, nikamwambia anyamaze. Ndipo mama wa nyanya, bibi ya karani, akasema, bila kuniangalia:

"Ahesabu. Lakini kwa sauti."

Nikahesabu. Nilikosea mara mbili, na mara zote mbili ni yeye alinirudisha.