Maji ya Kumzika Baba

Mjukuu wangu wa kike alinipigia simu Jumapili baada ya kanisa, na furaha aliyokuwa nayo ilinifanya niisogeze simu mbali kidogo na sikio. Anaenda Lamu. Kazini wamempa likizo, na yeye na marafiki zake wameamua kuona kisiwa kwa mara ya kwanza. "Kukhu, si unishauri," akasema. "Nibebe nini? Nichunge nini huko?" Nikacheka. Mimi bahari sijawahi kuiona, rafiki yangu. Nilizaliwa karibu na Misikhu, nikaolewa Kimilili, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya mto Nzoia ukifurika. Lakini nilipokata simu nilibaki nimekaa jikoni mpaka mboga ikaungua, kwa sababu swali hilo niliwahi kulisikia utotoni, katika boma letu, na aliyeuliza alikuwa mama yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikianza. Niliishi na kukhu, yaani nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Mama alikuwa yaya katika shamba la mahindi la Mzungu mmoja nje ya Kitale, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, na sukari aliyoifunga kwenye kitambaa na mikono inayonuka sabuni ya wenyewe. Siku hiyo nilikuwa nikimganda kama kupe. Nilimfuata mtoni, nilimfuata shambani, hata chooni nilimsubiri mlangoni, na kukhu akasema huyu mtoto atamchosha mama yake kabla hajapumzika.

Kazi yangu kubwa ilikuwa munyu. Vijana wa leo hawaujui. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unakusanya majivu, unayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamwagia maji, halafu unakaa kusubiri matone ya rangi ya chai yadondoke. Hayo ndiyo tuliyopikia mboga, na kunde zililainika zikateleza kooni. Kukhu aliyaonja kwa ncha ya ulimi na kusema bado, au tosha, au leo umechoma na vijiti, mwaga. Chumvi nyeupe ya duka la Mhindi ilikaa kwenye mkebe kwa ajili ya wageni na wali wa Krismasi.

Baba sikumjua. Alichukuliwa vitani nikiwa bado nabebwa mgongoni, akapandia meli Mombasa, na baadaye askari wa chifu akaja kusema kwamba meli ilizama na hatarudi. Hapakuwa na mwili wala nguo. Kwetu mtu aliyefia mbali namna hiyo aliwekewa mgomba. Shina la mgomba lilikatwa, likalazwa kaburini mahali pake, watu wakalia, wakanyoa nywele, na waliobaki wakaendelea kuishi. Kukhu alikataa katakata. "Mimi siziki mgomba na sijui ni kitu gani ilikula mtoto yangu," aliwaambia wazee. Wakamsihi, akawapa busaa, akawaambia wanywe waende kwao. Basi baba akawa hajafa vizuri wala hayuko hai, na mama akaendelea kuwa mke wake. Hakuitwa mjane, na hakuna mwanamume aliyeweza kumposa. Alikuwa msichana mbichi kabisa. Wakati ule nilimwona mtu mzima, lakini sasa nina wajukuu wenye umri ule, na nikiwatazama moyo unaniuma.

Mwezi mmoja mama alikuja na habari. Mtoto wa Mzungu alikuwa na ugonjwa wa kifua, na daktari amesema apelekwe akapumue hewa ya bahari. Wanaenda kisiwani Mombasa kupumzika, na yaya anaenda nao. Yeye kupumzika hakumo, lakini bahari ataiona.

Ungeona boma letu jioni ile! Mama aliuliza abebe nini na achunge nini, na kila mtu akawa mjuzi wa pwani. Mwalimu wangu wa shule ya misheni, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kakamega, alikuja na Biblia kwapani akamwonya mama asiangalie watu wakioga, asile chakula asichokijua jina, na asikubali kufundishwa kucheza ngoma. Kukhu alikuwa na hofu zake. Alijua kisiwa kimoja tu, kile cha mchanga katikati ya mto Nzoia, ambacho mvua ikinyesha juu mlimani kinazama na mbuzi waliomo. "Usilale bila kufunga mizigo, mama," alisema. "Ukisikia maji inanguruma, beba mtoto ya watu ukimbie." Akaanza kupanga chakula cha njiani: kuku wa kukaushwa juu ya moshi, ugali wa wimbi, na ndizi mbivu ambazo mama alijua zitapondeka kabla ya Eldoret.

Aliyeijua bahari kweli alikuwa jirani yetu, aliyerudi kutoka vita ile ile akiwa na mguu usiokunjika. Huyo alikaa kwenye kigoda akatoa ushauri kama afande. "Usikae chini ya mnazi, bana, nazi haiangalii ni kichwa ya nani. Mchanga, tembea asubuhi, mchana itakuchoma nyayo. Wali ya nazi kula kidogo kidogo, ama tumbo itakufukuza usiku mzima. Na maji ya bahari usijaribu kunywa. Si chumvi tu ile. Ni chungu, inashika koo, hata ukitema inabaki."

"Chungu namna gani?" kukhu akauliza.

"Chungu tu, kukhu. Haifanani na kitu ya huku."

Alimuuliza tena, na tena, mpaka jirani akachoka. Kisha akaingia ndani akatoka na chupa ya kijani iliyokuwa ya mafuta ya taa. Aliisugua kwa mchanga na majivu hadi ikaacha kunuka, akachukua gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu, akaliingiza mdomoni mwa chupa likakaa sawasawa. Chupa zote za nyumba yetu zilizibwa hivyo. Akampa mama kwa mikono miwili.

"Watu wamekuambia mambo mengi. Mimi nakuambia hii moja. Ukifika mahali meli inatokea, mwite kwa jina lake. Umwambie mimi nimechoka kumngoja. Halafu uniletee hiyo maji, niione, nizike mtoto yangu."

Mama aliipokea akiwa ameinamisha kichwa. Nilimwangalia, naye hakuniangalia.

Jirani ndiye aliyenifungua macho, wala hakuwa na nia mbaya. Nilimpelekea uji kesho yake akasema, "Sasa hiyo maji ikifika, baba yako amezikwa. Na mama yako ni mtu huru, ataolewa. Wewe ni mtoto ya hapa, utabaki na kukhu." Nilirudi nyumbani na kibuyu kitupu. Tangu siku hiyo, watu walipofumba macho kanisani kumwombea mama safari njema, mimi niliomba kitu changu kimoja. Nilimwomba Mungu chupa ile ipotee.

Mama alikaa huko mpaka mahindi yakatoa ndevu. Alirudi mweusi, amekonda, amejifunga leso mpya ya Mombasa, nyekundu, yenye maua makubwa ya korosho. Aliinunua kwa mshahara wake, na kila mwanamke aliyekuja kumsalimu aliishika pindo. Jioni akatuchekesha. Alisema treni ilipita juu ya maji, wakateremka, wakapelekwa kwenye nyumba yenye baraza, na kwa muda mrefu alikuwa akingoja wavushwe kwenda kisiwani. Alipomuuliza mpishi wa pale kisiwa kiko wapi, mpishi akacheka hadi akaketi. "Umesimama juu yake, dada." Kukhu alitaka kujua kama alifunga mizigo kila usiku. Alifunga, akasema, hadi memsabu, mke wa Mzungu, akamuuliza kama anataka kutoroka.

Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu kukhu alikuwa amenyoosha mkono.

Mama akatoa chupa. Ilikuwa imejaa. Ombi langu halikusikika. Kukhu alichomoa gunzi, akamimina kidogo kiganjani, akayatazama kwenye mwanga wa moto, akayatia mdomoni. Akakaa nayo. Nilikuwa karibu naye, nikayaona macho yake yakiinuka taratibu kumtazama mama, na mama akitazama miguu yake mwenyewe. Kukhu akameza. Hakusema ni chungu wala si chungu. Aliuliza jambo moja tu: "Hii leso ni ile ulifungia chupa njiani?" Mama akaitikia kwa kichwa. Upande mmoja wa leso, kiunoni, palikuwa na madoa meupe kama ya unga uliokaukia. Kukhu akaushika upande ule, akausogeza usoni, nami nikadhani analia na anataka kujifuta. Ila nilimwona akiutia mdomoni.

"Nipe hii leso," akasema. "Mtoto yangu hatalala kwa mgomba uchi."

Tulimzika baba wiki ile. Shina la mgomba lilivikwa leso ya maua ya korosho, kukhu akaifunga kwa mikono yake, ule upande wenye madoa ukiwa juu, mahali pa kifua. Maji ya chupa akayamwaga mlangoni, hakuyatia kaburini. Watu walidhani amechanganyikiwa na kilio. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na kwa miaka yote ile hatukuwa tumemsikia hata akikohoa kwa huzuni. Tukanyolewa. Upepo ulikuwa baridi kichwani, na mama alinishika mkono siku nzima. Alijua kama nilivyojua kwamba sasa ataondoka.

Alikaa mpaka mavuno, kisha akaolewa na fundi wa reli, mtu mpole, akahamia Kitale. Mimi nikabaki na munyu wangu. Siku anaondoka kukhu alimsindikiza hadi barabarani akambebea mzigo, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, na watu walisema. Mimi nilijificha nyuma ya ghala la mahindi, sikumuaga. Nilililia lile boma lililobaki na sauti ya matone peke yake, na bado kuna asubuhi nikiamka nalililia.

Miaka mingi ikapita, kukhu akafa, nami nikawa mama wa watoto wakubwa. Mama aliugua akiwa Tuwan, mtaa wa Kitale, katika chumba chenye dirisha moja, nami nikaenda kumuuguza. Mchana mmoja nikimlisha uji alinishika mkono akasema kuna kitu kinamkaa kifuani. Alikwenda kweli pale meli zinapotokea, akiwa amembeba mtoto wa Mzungu. Aliita jina la baba mpaka yule mtoto akaanza kulia naye. Akajaza chupa. Lakini gunzi lilikauka kwa joto la pwani, likasinyaa, na kwenye treni akilala maji yakavuja yote kwenye leso aliyoifungia. Aligundua alipofika Kitale, chupa ikiwa tupu. "Ningemwambia nini? Nimepoteza mtoto yake mara ya pili?" Akajaza maji ya bomba jikoni kwa memsabu, akatia chumvi ya duka. "Nilimdanganya mama wa watu," akasema, "akazika mwanawe kwa uongo wangu, na mimi nikaenda kuolewa."

Niliweka kikombe chini. Nikamwambia nilichokiona: kwamba kukhu hakuzika yale maji, aliyamwaga mlangoni. Kwamba aliionja leso. Kwamba bahari ilikuwa kwenye leso, naye akaijua pale pale, akamvika mwanawe, akanyamaza ili mkwewe asiaibike na aende zake. Mama akalia kama mtoto, nami nikalia naye, na uji ukapoa.

Boma lile halipo tena. Ardhi iligawanywa, ikauzwa, na mahali pa kaburi pamelimwa mahindi ya mtu nisiyemjua. Migomba iling'olewa. Munyu hakuna anayeuchuja, hata mimi nanunua magadi sokoni. Jirani, mwalimu, kukhu, mama, wote wamekwenda, na hakuna aliyebaki wa kuniambia kama nimesahau kitu.

Jioni nilimpigia mjukuu wangu. Nilimpa ushauri wote kama nilivyousikia. Asikae chini ya mnazi, asikanyage mchanga saa za mchana, wali wa nazi ale kidogo kidogo, na akishuka asiulize kisiwa kiko wapi. Alicheka sana. Halafu nikamwomba aniletee maji ya bahari, chupa ndogo tu, nami niyaonje kabla sijaenda.

"Nitakuletea, Kukhu. Nitafunga vizuri."

"Funga," nikamwambia. "Lakini yakivuja njiani, mama, usiogope kuniambia. Niletee nguo yoyote iliyomwagikiwa. Usiifue."