Mbwa Mwitu Aliyejipima kwa Dada Yangu

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya na ofisi za Babati zikinuka rangi, dada yangu alikuwa kitandani nyumbani kwetu Bagara, akisubiri nafasi ya kupasuliwa moyo Dar es Salaam. Mjomba alituletea kompyuta ya mtumba kutoka Arusha, ndani yake mna gemu moja: nchi kubwa, unatembea unakotaka na upanga wako. Dada asiyeweza kufika hata sokoni alivuka milima mle ndani, umeme ukiruhusu.

Siku ya kwanza kabisa mbwa mwitu mmoja alimuua kwenye daraja la mawe. Dada alicheka, akaapa kurudi akishakuwa mtu. Akapanda leveli miezi miwili, akapata upanga wa maana na ngao, kisha mchana mmoja akarudi pale pale, mimi nimekaa pembeni yake. Mbwa akamnyanyasa vilevile. Nikamweleza nilichosikia kwa vijana wenzangu, kwamba gemu ile imetengenezwa hivyo: ukipanda wewe, na maadui wanapanda.

Alitoa mkono kwenye kipanya.

"Kwa hiyo huyu hajawahi kuwa mbwa," akasema. "Ni mimi tu nimevikwa manyoya."

Nikamwambia ni gemu tu. Sijawahi kutoa jibu la kijinga kuliko hilo.

"Nchi ile niliipenda kwa sababu ilikuwa hainijui," akasema. "Huku kila kitu kinanifuata mimi. Mama kaacha kutia chumvi kwenye chungu cha nyumba nzima. Wageni wananong'ona. Na wewe kwenye drafti unaniachia."

Ilikuwa kweli. Kabla hajaugua alikuwa akinifunga mpaka nasusa kula. Tangu moyo wake uchoke nilimwachia kete moja, baadaye mbili, na kadiri alivyodhoofika nami nilidhoofika kwenye ubao. Nilidhani huo ndio upendo, tena nikajiona mjanja.

"Cheza na mimi kweli," akaniambia. "Mara moja tu. Nijue nimebaki kiasi gani."

Tukapanga vizibo vya soda, ndizo kete zetu. Naapa nilikusudia. Lakini katikati ya mchezo midomo yake ilipauka, na kete zake tatu zilikuwa wazi mbele yangu, za kuliwa kwa mkupuo. Nikajifanya sijaziona, nikasogeza kete ya pembeni.

Dada aliutazama ubao. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akavikusanya vizibo, akavitia kwenye mfuko wake wa rambo, akageukia ukutani. Hatukucheza tena.

Barua ya kumpa nafasi Dar ilifika wiki tatu baada ya kumzika. Mama aliisoma amesimama, akaingia jikoni, akatia chumvi kwenye maharage, kisha akakaa sakafuni akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba hata kusali niliona ni usumbufu.

Jioni ile niliwasha kompyuta, nikaendelea pale dada alipoishia, na nguvu zake na upanga wake, nikaenda mpaka darajani. Mbwa mwitu alikuwepo. Leveli yake ilikuwa ile ile ya dada, haikupungua hata kidogo. Akanirukia. Safari hii nilicheza kweli, sikumwachia hata pigo moja.

Akanishinda.